Zamu ya Austine

Kituo cha Utafiti wa Ndege, Kusini kabisa mwa dunia
24 Novemba 2024

Dada Rosebella,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mguu wa Mama umeanza kukubali kiatu. Nisalimie mdogo wetu Omollo na mkewe Joyline. Mwambie Joyline ile kofia aliyonifumia haijatoka kichwani tangu nishuke melini. Tuko watu kumi na wanne hapa, Mkenya ni mimi peke yangu, na mpishi amekataa kuamini kwamba Kenya kuna baridi. Nimemwambia aje Eldoret mwezi wa saba.

Najua ulisema kwenye simu ya Septemba kwamba hutaki tena kusikia sauti yangu, ndiyo maana naandika. Tunapewa simu ya setilaiti dakika tano kila Jumapili, lakini Mama hasikii vizuri kwenye simu, na wewe na mimi dakika tano zinatutosha kugombana tu. Meli huchukua barua kila baada ya wiki tano au sita. Tuvumilie.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu ni nini hasa. Kazi yangu ni kujua ndege wamekula nini. Huku mlo wa bahari unaanzia kwenye vijani vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoota chini ya barafu. Vinaliwa na krili, uduvi mwekundu wa urefu wa kidole. Mwambie Mama ni kama ochong'a, wale uduvi wadogo wa Ziwa Victoria, ila huyu amenenepa. Krili analiwa na samaki, na pengwini, na nyangumi, karibu kila mwenye mdomo. Halafu kuna skua, ndege wa kahawia mwenye mdomo wa ndoano, ambaye huzunguka pengwini akisubiri yai liachwe wazi. Barafu ikipungua, krili wanahama, na wote wa juu wanaanza kusafiri mbali kutafuta chakula.

Mimi kwa sasa naokota matapishi ya skua. Naam, nilisomea maabara miaka mitatu ili nije kuokota matapishi. Nayakausha, nayapasua, naandika kilichomo: mifupa ya samaki, manyoya, maganda ya mayai. Krili sijampata hata mmoja, kwa hivyo nimeandika kwenye ripoti kwamba skua wa hapa hawali krili.

Kuna pengwini dume mmoja ninayemfuatilia, namba thelathini na moja. Mke wake ametaga akaenda baharini kula, naye ameachiwa mayai. Leo ni siku ya kumi na tano anayalalia, na tangu afike ufuoni Oktoba hajala chochote. Tunampima uzito kwa mzani tuliouweka chini ya kiota. Anapungua kila siku. Mke akirudi, wanabadilishana zamu.

Mambo ya nyumbani tutaongea. Mvua ya kupanda bado iko mbali.

Ndugu yako,
Austine

*

Turbo
30 Desemba 2024

Kaka Austine,

Barua yako niliichukua posta Eldoret wiki iliyopita. Salamu zimefika. Mama ni mzima kiasi. Mguu haujakubali kiatu na daktari amesema hautakubali, kwa hivyo hiyo usiulize tena. Macho nayo yamefunga ukungu, nami ndiye ninayemsomea kila kitu, kuanzia Biblia hadi karatasi ya dawa. Joyline ana mimba ya miezi minne. Omollo amenyamaza sana siku hizi. Nyumba yangu ya mjini Eldoret, mtaa wa West Indies, nimeifunga tangu Oktoba, nalala huku Turbo na kwenda shuleni kutoka huku. Mimi niko sawa.

Nilimsomea Mama habari za ndege wako siku ya Krismasi, akiwa anasafisha kuku. Akaniambia nisome tena pale pa matapishi. Nikasoma. Akaweka kisu chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Mwambie huyo mtoto, kuku wangu nawapa ochong'a kila asubuhi. Nikipasua firigisi napata changarawe na mfupa wa omena. Ochong'a sijawahi kuona hata siku moja. Sasa niseme hawakulangi?"

Mwanamke aliyeuza omena soko la Eldoret miaka ishirini na mbili amekusahihishia ripoti yako. Ulimbwende wa chuo weka pembeni.

Sasa niseme langu. Unasema mvua iko mbali. Austine, nitakuandikia kana kwamba wewe ni mgeni, maana unajifanya mgeni. Katika boma la Mzee hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mkubwa wa boma kuitia ya kwanza. Mzee alipofariki ilikuwa Mama. Sasa Mama hawezi kufika shambani, na amesema mbele yetu sote kwamba zamu yake ameipa mtoto wake wa kiume wa kwanza. Huyo ni wewe. Omollo hawezi kushika jembe mbele yako, hasa sasa Joyline akiwa na mimba. Anaogopa chira, laana ya kuvunja mwiko ambayo huangukia watoto, na usimcheke, kwa sababu hata wewe unaogopa. Mchungaji alijaribu kuongea na Mama, akaambiwa Mungu mwenyewe aliumba dunia kwa utaratibu.

Mwaka huu tulikungoja. Ulisema Pasaka, halafu ukasema mwisho wa Aprili. Tukapanda katikati ya Mei, baada ya wewe kupiga simu na kutamka kwamba Omollo aanze. Tukavuna magunia manne katika shamba ambalo Mzee alikuwa akitoa arobaini. Krismasi tumekula ugali wa unga wa dukani, katika Uasin Gishu, majirani wakituangalia.

Ulituambia Machi utakuwa nyumbani. Nakuuliza swali moja: utakuwa nyumbani au hutakuwa? Kama hutakuwa, andika kwa mkono wako karatasi moja ya kumsomea Mama, kwamba Omollo aanze. Mstari mmoja tu. Mama ataukubali, ameshasema.

Na yule namba thelathini na moja, mke wake alirudi?

Dada yako,
Rosebella

*

Kituoni
6 Februari 2025

Dada Rosebella,

Barua yako imefika leo na meli, na meli inaondoka kesho asubuhi, kwa hivyo nisamehe mwandiko. Nimefurahi kusikia habari za Joyline. Mpe Omollo mkono kwa niaba yangu. Pole kwa safari za kila siku kwenda shuleni. Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa maji ya chumvi.

Mwambie Mama ameshinda. Kabla barua yako haijafika, mkubwa wangu hapa alinirudishia ripoti akiwa amekata mstari mwekundu. Alisema yale yale ya firigisi: vitu laini huyeyuka kwanza, vigumu ndivyo hubaki, na mtu akihesabu vilivyobaki tu atadanganyika. Nilipomsomea maneno ya Mama aliuliza kama Mama angependa kazi.

Sasa tunafanya njia nyingine. Pengwini anapotoka baharini kwenda kulisha kifaranga, tunamkamata, tunampitishia mpira mwembamba kooni na maji ya chumvi ya uvuguvugu, kisha tunamwinamisha juu ya ndoo anatapika. Tunaosha matumbo ya ndege watano tu kwa wiki. Kilichotoka ni krili, ndoo nzima nyekundu, na samaki wachache wadogo kama omena. Napima kila krili kwa rula. Mwaka huu ni wadogo na si wengi. Wazee wa kituo wanasema zamani ndege alikuwa akirudi baada ya siku moja, sasa anakaa siku tatu.

Usiku natafakari jambo moja. Yule ndege ametembea na kuogelea siku tatu kuleta chakula kimoja, nami nakichukua chote ili nijue ni chakula gani. Kifaranga anamwendea akidai, na mzazi hana kitu, anageuka anarudi baharini. Kazi ni kazi, lakini siipendi.

Namba thelathini na moja nitakueleza siku nyingine.

Kuhusu Machi, bado tunasubiri ratiba ya meli. Mambo ya barafu hayatabiriki. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi.

Ndugu yako,
Austine

*

Turbo
12 Machi 2025

Austine,

Salamu. Mama ni mzima, Omollo ni mzima, Joyline miguu imevimba lakini kliniki wamesema mtoto yuko vizuri. Mimi niko sawa.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta jibu. Kuna mpira, kuna ndoo, kuna rula ya kupimia uduvi. Jibu la swali langu halimo. Umeandika "ratiba ya meli." Mimi ni mwalimu, Austine, kila siku watoto hunipa sababu za kutofanya kazi ya nyumbani, na wengi hudanganya vizuri kuliko wewe.

Kumbe hata barua zangu unazisoma kama ulivyosoma matapishi ya skua. Nikiandika Mama ni mzima kiasi, unaokota neno "mzima" na kuliandika kwenye ripoti. Hilo la "kiasi" limeshayeyuka.

Huku watu wote wamelima. Jirani yetu Jemutai ametoa mbegu nje tayari, anaangalia mawingu tu. Shamba letu limelimwa pia, mbolea iko stoo, mbegu ziko chini ya kitanda cha Mama kwa sababu haamini panya. Omollo anaamka, anatembea mpakani mwa shamba, anarudi, anakaa. Jana nilimwambia apande tu, dunia imebadilika. Akaniambia: "Rosebella, wewe mtoto si wako. Kitu kikimpata huyu mtoto, nitamwambia Joyline nini?"

Nilitaka pia kusema kwamba mimi msichana wa kwanza, niliyezaliwa kabla yako kwa miaka miwili, naweza kushika mbegu. Nililisema. Mama alinitazama kwa upole kama mtu anayemtazama mtoto akiomba kuendesha lori. Basi.

Nakuomba mstari mmoja. Sikuombi uje. Nimeshaacha kuomba uje. Nakuomba useme huji.

Rosebella

*

Kituoni
25 Machi 2025

Dada Rosebella,

Natumaini mko wazima, na mvua imeanza vizuri. Meli ya mwisho kabla ya majira ya baridi inatarajiwa keshokutwa. Barua zako mpya sijazipata, zitakuja nayo, na naogopa kuzifungua, kwa hivyo naandika kabla.

Nianze na namba thelathini na moja. Alilalia mayai siku ishirini na moja. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake na daftari. Aliinuka, akajinyoosha, akayaangalia mayai, akatembea kwenda majini bila kugeuka. Skua walikuwa wawili. Sheria ya hapa hairuhusu mtu kuingilia, nami sikuingilia. Niliandika saa na dakika. Mke wake alifika siku mbili baadaye, mnene, tumbo limejaa krili, akasimama kwenye kiota akiita mpaka jioni. Alichelewa kwa sababu chakula kilikuwa mbali. Hakukosea, wala yeye aliyeinuka hakukosea. Wewe uliniuliza, nami nilishindwa kukujibu, kwa sababu nilijua ungejiona wewe pale kwenye mayai.

La pili. Rosebella, nilitia sahihi mkataba wa miezi kumi na sita Julai mwaka jana, nikiwa bado kwenye mafunzo. Tulipogombana kwa simu Septemba nilikuwa nimeshatia. Nilipokuambia Machi, nilijua si Machi. Kwenye simu ungeniuliza na ningelazimika kujibu hapo hapo. Barua inanipa wiki sita za kutojibu, na hiyo ndiyo sababu ya kweli iliyonifanya nipende barua.

Utauliza kwa nini. Tangu Mzee afe, kila nikifika langoni Turbo watu wanasimama wananitazama nianze kitu: nianze kula, nianze kujenga, nianze kupanda. Nachoka kabla sijavua viatu. Hapa hakuna anayenisubiri. Najua ni aibu kuandika hivi kwako, wewe ambaye hukuulizwa na mtu kama umechoka.

Na kuandika kwamba Omollo aanze ilikuwa sawa na kuandika kwamba siji. Ndiyo maana kalamu ilikuwa nzito. Nimeiweka karatasi ya Mama peke yake ndani ya bahasha hii. Msomee:

"Mama, ni mimi Austine. Sitafika msimu huu. Nimesema kwa kinywa changu, Omollo aanze kupanda."

Ndugu yako,
Austine

31 Machi. Meli imegeuza. Barafu imefunga mapema na nahodha hakutaka kujaribu mara ya pili. Mfuko wa barua umerudishwa ofisini pamoja na hii ndani yake. Jumapili nilikwenda kwenye simu kuwapigia, laini ikawa imekatika kwa dhoruba, na wamesema huenda ikachukua wiki kadhaa. Safari hii nilikuwa nimekwenda kweli.

*

Turbo
14 Aprili 2025

Kaka Austine,

Salamu kutoka nyumbani. Naandika nikijua barua hii itakaa bandarini mpaka Oktoba, na utakapoifungua mahindi yatakuwa yanavunwa. Ofisi yenu imetutumia ujumbe kwamba meli imegeuza, tusihofu, na chini yake kuna orodha ya majina ya wanaobaki majira ya baridi "kulingana na mkataba." Jina lako ni la tatu. Kwa hivyo nimejua, na sina nguvu ya kukasirika vile ningependa.

Mvua ilianza tarehe pili. Jemutai alimaliza kupanda kwa siku tatu, na siku ya kumi mahindi yake yalikuwa yamechungulia. Sisi shamba lilikuwa jeusi vile vile. Mama aliacha kuuliza kama barua imekuja. Alikuwa anageuza kichwa tu nikiingia.

Jana Jumapili tulipotoka kanisani nilifanya jambo, na nakueleza kwa sababu nilitumia jina lako. Nilichukua bahasha yako ya Februari, yenye stempu, nikatia ndani karatasi tupu ya daftari la shule. Nikakaa na Mama barazani. Nikamwita Omollo. Nikasema barua ya Austine imefika, nikaifungua, nikaanza kusoma.

Nilisoma salamu zako kama unavyoziandika, na kofia ya Joyline, na baridi. Nilitia hata ndege kidogo, kwamba krili mwaka huu ni wadogo, maana Mama angeshangaa kukosa ndege. Kisha nikasoma: "Mama, sitafika. Omollo aanze kupanda, nami nimeridhika." Omollo alishika mlango kwa mikono miwili.

Ningeishia hapo. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini karatasi ilikuwa tupu, na mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasoma: "Mama, naomba unisamehe kwa kumwachia Rosebella kila kitu. Amekataa ukuu wa shule Kitale kwa ajili yetu na hakumwambia mtu. Mwezi wa pili alianguka darasani mbele ya watoto, akalazwa siku mbili, akawaambia nyumbani kwamba yuko kwenye semina. Rosebella amechoka, Mama. Amechoka sana." Nilikwama mara mbili, nikasingizia mwandiko wako.

Mama alifumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akamwambia Omollo, "Umesikia kaka yako. Mbegu ziko chini ya kitanda. Nenda." Omollo aliingia chumbani na kutoka mbio, bado amevaa suti ya kanisa, na baada ya muda tulimsikia akimwita Joyline alete debe.

Mama akanyoosha mkono akaitaka karatasi. Nikampa. Aliipapasa pande zote mbili kwa vidole, vile alivyokuwa akipapasa omena kujua kama imekauka, halafu akaikunja akaiweka kifuani.

"Austine alijuaje umeanguka?"

Niliangalia sakafu.

"Barua ni nzuri," akasema. "Huyo mtoto hajawahi kuniandikia hivyo tangu azaliwe. Mwenye ameandika, mwambie nimesikia yote. Hiyo ya kupanda nimekubali, na hiyo ingine pia nimesikia. Sasa aende alale. Vyombo Joyline ataosha."

Nikaenda nikalala na nguo za kanisani. Niliamka saa kumi na mbili jioni, na hakuna mtu aliyekuwa amekuja kuniita.

Dada yako,
Rosebella